Bibi Aliyeuza Watoto Nachingwea

Mwaka wangu wa pili Ruangwa, mama mmoja aliingia ofisini kwetu asubuhi, akakaa kwenye benchi bila kuegemea, akakataa maji niliyompa, kisha akaniambia kwamba kule Namungo kuna bibi anauza watoto.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kazi yetu kwa sehemu kubwa ni mambo ya matunzo: baba katoroka, mama anadai, shangazi kamchukua mtoto na hataki kumrudisha. Nimeyazoea. Ila lile neno "anauza" lilinifanya niweke kikombe changu chini.

"Anawauza wapi?" nikauliza.

"Nachingwea. Nimemsikia kwa masikio yangu. Anamwambia mtoto, kesho gari la Nachingwea likipita nakuuza, wanipe gunia la ufuta."

Yeye na mumewe walikuwa wageni wilayani. Mume alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mke akipika wali na maharage na kuwauzia wachimbaji. Binti yao, wa umri wa miaka minne hivi, alikuwa anashinda kwa huyo bibi, ambaye alikuwa akilea watoto wa majirani nyumbani kwake wakati mama zao wako shambani. Mama akaendelea kutaja makosa. Bibi anawatukana watoto, anawaita wezi na walafi, anawatukania mpaka babu zao. Adhabu zake hazieleweki: mtoto ananyang'anywa viatu, mwingine analazimishwa kumwamkia mbuzi. La mwisho alilisema polepole huku akitazama mikono yake.

"Mwanangu analia kila jioni. Nikimuuliza analia nini, anasema bibi. Basi, bibi. Halafu anaendelea kulia."

"Huyo bibi umeshamwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia siku ile ile niliyomsikia. Nilimpa maneno yake, akaomba radhi. Lakini tangu siku hiyo mtoto ndiyo kwanza ameanza kulia."

"Sasa wewe unataka tufanye nini?"

"Mfunge ile nyumba," akasema, akainuka.

Sikuwa mjinga. Aliposema habari za mbuzi nilishahisi harufu ya utani. Kusini huku watu wanataniana mpaka msibani, na bibi na mjukuu ndio usiseme. Lakini utani unaomliza mtoto kila jioni umeshaacha kuwa utani, na mimi nina hasira za karibu, hasa mtu mzima anapocheka na mtoto hacheki. Usiku huo nilishaifunga ile nyumba kichwani mwangu.

Kesho yake nikachukua bodaboda kwenda Namungo bila kutoa taarifa. Dereva alinihadithia mpira njia nzima, nani alipaswa kupiga ile penalti na nani hakupaswa, nami nikaitikia "eeh" bila kusikiliza. Ulikuwa msimu wa kuvuna ufuta. Mashambani matita ya ufuta yalikuwa yamesimamishwa yakauke, na njiani tulipishana na akina mama waliobeba majembe na madumu ya maji, mgongoni hawana mtoto. Nikawaza kwamba watoto wa hawa wote nitawakuta kwa bibi.

Nilishuka mbali kidogo, nikaenda kwa miguu, nikasimama nyuma ya ua wa makuti nisikilize kwanza. Sauti ya mwanamke mzee ilikuwa inasema:

"Wewe mwizi, umeamka? Babu yako aliiba jogoo wa babu yangu kule Mtua, na leo umekuja kuangalia kama tunaye mwingine?"

Sauti ndogo ya kiume ikajibu: "Jogoo wenu alikuwa nkonde. Babu hakushiba."

Ua mzima ukacheka, na bibi alicheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilipiga hodi kwa sauti ya kiserikali.

Bibi alitoka akiwa amejifunga kanga mbili, mwembamba, na mikono yake ina unga. Nilimwamkia, akaitika, nikajitambulisha. Alinitazama kidogo, akasema, "Najua ulikotumwa, mwanangu. Karibu. Kaa kwanza." Alizaliwa Mtua, upande wa Nachingwea, akaolewa huku, mume akafariki, wanawe wakaenda mjini. Watoto wa majirani walianza kuja mmoja mmoja tangu zamani, na hakuwahi kumkatalia yeyote. Wazazi walimletea unga, wengine kuni, wengine hawakuleta kitu msimu ukiwa mbaya.

Nilifanya kazi yangu. Niliwaangalia watoto migongo, mikono na mapaja, nikijifanya nacheza nao. Hakukuwa na alama zaidi ya za mbu na za kuanguka. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Choo kilikuwa kisafi kuliko cha ofisini kwetu, na hilo halinigharimu kitu kulisema. Lakini mafiga yake yalikuwa uani, wazi kabisa, na sufuria la uji linachemka huku vitoto vinakimbizana pembeni. Hapo nilifoka kweli. Nikamwambia mtoto akiangukia pale hakuna radhi itakayomrudisha. Bibi hakubisha. Alisema, "Hilo umesema kweli," akaenda mwenyewe kuwahamishia watoto upande wa pili.

Tukiwa tunaongea, kijana mmoja wa kwenye mkeka, yule yule mjukuu wa mwizi wa jogoo, alimsukuma mwenzake akadondokea kwenye tope la maji ya kuoshea vyombo. Aliyesukumwa akalia. Nikageuka kumtazama bibi, maana hapa ndipo nilipokuwa napangojea.

Bibi hakuinuka. "Kamateni viatu vya huyo mwizi," akasema.

Watoto wakamrukia, viatu vikachukuliwa, vikawekwa juu ya kinu. Yule kijana, bila kuambiwa, alianza kuzunguka. Alimwamkia kila mtoto pale uani, shikamoo, shikamoo, mpaka kitoto ambacho hakijui hata kutembea. Kwa aliyemsukuma aliinama zaidi. Mwisho alienda kwa mbuzi aliyefungwa penye mpapai.

"Shikamoo," akamwambia mbuzi.

"Marahabaaa," watoto wote wakaitika kwa sauti nzito, kwa niaba ya mbuzi.

Mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Aliyekuwa analia akamletea viatu, wakarudi mkekani wamekaa pamoja. Nimeona adhabu nyingi katika kazi hii. Nimeona fimbo, pilipili, na mtoto kufungiwa stoo. Adhabu ambayo mkosaji anaimaliza akiwa anacheka na aliyemkosea nilikuwa sijaiona, na nilikasirika kidogo kwamba nilikuwa nimeanza kuipenda.

Ndipo nikamwona binti wa yule mama. Alikaa peke yake kwenye kizingiti cha mlango, gauni safi, nywele zimesukwa vizuri. Bibi alipoanza kugawa uji, sauti yake ilibadilika.

"Karibu, mama," akamwambia yule binti. "Nawa mikono, mama. Nikuongeze sukari?"

Alimpa kikombe cha kwanza, kikubwa kuliko vyote. Nikajisemea, kumbe huyu ndiye kipenzi, sasa analilia nini?

Binti alikunywa kidogo. Kisha akainuka, akaenda hadi kwa mwenzake, akamnyang'anya kikombe, akamwaga uji wote chini. Hakuonekana kuwa na hasira. Alimwaga huku anamtazama bibi.

Baadhi ya watoto walishageuka kuvitazama viatu vyake.

"Si kitu, mama," bibi akasema kwa upole. "Bahati mbaya. Kaa, mama, si kitu."

Binti akaangua kilio. Alilia kama vile kapigwa, na hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Nilimshika mkono, nikaenda naye barazani mbele ya nyumba, nikampakata. Nilimwacha alie mpaka apumzike. Kisha nikamuuliza maswali yangu, moja moja, kama tunavyofundishwa.

"Bibi anakupiga?"

Akatikisa kichwa.

"Anakunyima chakula?"

Akatikisa kichwa.

"Anakutukana?"

Akaanza tena kulia. "Hanitukani," akasema. "Wenzangu wote anawatukana. Mimi hanitukani."

Akajifuta kamasi kwa mkono, akamalizia yale mashtaka yake.

"Wote anawauza. Mimi haniuzi."

Nilimkumbatia ili asione uso wangu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa afisa aliyekuja kufunga nyumba hakuna kati ya hayo linalofaa.

Nilimwita bibi, tukakaa pale barazani sisi wawili. Alinieleza bila kunitazama. Mwanzoni yule binti alitaniwa kama wote, na alikuwa mkali wa kujibu kuliko hata watoto wa huku. Alimwambia bibi kwamba kwao kuna ng'ombe wengi, kwa hiyo bibi ndiye atakayeuzwa. Kisha siku moja mama yake alifika mapema, akasikia habari za Nachingwea, akamjia juu mbele ya watoto wote.

"Aliniambia mimi nchawi," bibi akasema. "Sina ugomvi naye. Ni ngeni, ntoto ni wake. Nikasema basi, huyu nimwekee heshima yake. Simtanii tena. Nampa chakula, namwosha, namwita mama. Sasa na ntoto naye kanichukia. Namwonea haya mpaka naogopa kumwangalia."

Akakung'uta unga mikononi.

"Ukitaka kufunga, funga, mwanangu. Mimi ntakaa tu na mbuzi wangu. Lakini mama zao wako ufutani, hao wewe ndiye utakayewaambia."

Nilimwambia sijaamua. Nilikuwa nimeshaamua, lakini mwenye malalamiko alikuwa mmoja, na ilibidi nikamjibu uso kwa uso.

Kibanda chake kilikuwa njiani kuelekea machimboni, magogo mawili ya kukalia na masufuria yaliyofunikwa vizuri. Wachimbaji walikuwa wameshakula na kuondoka. Aliponiona tu akauliza, "Mmefunga?"

"Bado. Nataka kwanza tuongee."

"Hakuna cha kuongea, dada afisa. Kwetu mtoto hatukanwi hovyo na mtu asiye wake."

"Kwenu wapi?"

"Magu."

Siku ile ofisini nilikuwa nimekazana na mashtaka, sikumuuliza kabila, na kwa kweli hatutakiwi kuuliza. Sasa nilimtazama upya. Hili nililolifanya halimo katika mafunzo yoyote, na bosi wangu wa wakati ule asingelipenda. Nilichota wali kwenye sufuria lake bila ruhusa, nikaanza kula.

"Msukuma," nikasema. "Kumbe muda wote huu najipendekeza kwa Msukuma. Unanikunjia uso, wewe na ng'ombe zenu, mnatembea nchi nzima mnatuharibia mashamba. Niletee na maharage."

Alibaki ameshika mwiko. Kisha akauliza polepole, "Wewe kabila gani?"

"Mzaramo. Wa Kisarawe."

Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu zamani. Ule uso uliokuwa umefungwa tangu ofisini ukafunguka, na nikagundua kwamba alikuwa msichana mdogo tu, pengine mdogo wangu kwa miaka mingi.

"Mzaramo," akasema. "Ndiyo maana shauri langu halijaisha. Mlikuwa mnacheza ngoma. Weka hapo mkoba, ndio malipo ya wali." Akauchukua mkoba wangu kweli, akaukalia.

Tulitukanana vizuri. Alinisema mimi, akawasema wanaume wa kwetu, akaisema mihogo yetu. Nilimsema yeye na ukoo wake mpaka nikaishiwa. Alicheka huku anajipiga mapaja. Kisha akafuta macho kwa pembe ya kanga, na macho yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Tangu nije huku," akasema, "hakuna hata mmoja aliyenitukana. Wote wananiambia karibu mgeni. Nikienda kisimani, wananipisha. Karibu mgeni, pita mgeni. Wenyewe kwa wenyewe wanataniana, nikifika wananyamaza."

"Inauma?"

"Inauma, dada."

"Basi mwanao ndicho anacholilia," nikasema, na nikamweleza yote, kuanzia kikombe cha uji kilichomwagwa hadi lile la mwisho, kwamba wenzake wote wanauzwa.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alifunika masufuria, akanirudishia mkoba wangu, tukaondoka.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipofika. Mama wengine walishaanza kuja kuchukua watoto, wamechoka, vumbi la ufuta nyweleni. Bibi alipomwona mama wa binti aliinuka haraka, akajifunga kanga upya, kama mtu anayejiandaa kusomewa hukumu. Binti alikuwa kizingitini palepale.

Mama alisimama katikati ya ua. Niliona anavyohangaika, maana kuomba radhi ni kugumu na kutania mtu uliyemwita mchawi ni kugumu zaidi. Mwishowe akashika kiuno.

"Bibi," akasema kwa sauti ya juu, "mimi nimekuja kudai haki yangu. Nasikia huyu mtoto ulishamuuza Nachingwea. Mbona mimi mama yake sijaona hata kuku?"

Bibi alinigeukia mimi, kana kwamba anauliza serikali inasemaje. Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu?" bibi akasema. Sauti yake mwanzoni ilikwaruza. "Huyu nani atannunua? Kusonga ugali hajui, kutwanga hajui. Kazi yake kulia tu na kumwaga uji wa wenzake. Nilimpeleka mpaka Chinongwe, hata bure walinkataa."

Sijasahau ule uso wa yule mtoto. Aliinuka pale mlangoni, akaanza kutabasamu, akajizuia, akashindwa. Kisha akainama, akavua viatu vyake mwenyewe, kimoja halafu kingine, akavibeba, akaenda kuvipanga juu ya kinu. Alikuwa amekumbuka uji alioumwaga. Alizunguka ua mzima akiwaamkia watoto, na mama zao, na mimi, na mama yake mwenyewe aliyeitika huku ameziba mdomo kwa kanga. Alipofika kwa mbuzi, waliomwitikia marahaba hawakuwa watoto peke yao.

Niliandika ripoti kwamba malalamiko ya ukatili hayakuthibitika, kwamba mafiga yazungushiwe uzio, na kwamba awepo mtu mzima wa pili kumsaidia bibi. Baba za watoto waliahidi kujenga uzio Jumamosi. Jumamosi kukawa na mpira, wakajenga Jumapili. Mtu mzima wa pili hakutafutwa mbali: mama wa binti alikuwa akimaliza kupika mchana anakuja na masufuria yake anayaoshea pale pale kwa bibi, akitukanana na kila aliyepita. Mimi nilikuwa napita kila nikiwa na safari ya huko, na sikuwahi kutoka bila kupokonywa kitu. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizofanya kazi wilaya ile.

Msimu wa ufuta uliofuata mume wa yule mama alisikia habari za machimbo mengine, na mama, aliyekuwa amechoka kuhama kila mwamba unapokauka, alimwambia atangulie peke yake. Yeye alishapata kibanda cha chakula mjini, penye wateja wa uhakika. Mji wenyewe ulikuwa Nachingwea.

Nilienda stendi kuwaaga. Bibi alikuwa ameshafika, na nusu ya watoto wake wamemzunguka.

"Nilisema ntamuuza Nachingwea," alikuwa anamwambia kila aliyesimama karibu, "wakanibishia. Wakaniletea na serikali. Sasa si huyo anakwenda?"

Watu wakacheka. Binti alikuwa ameshapanda, kichwa dirishani. Bibi akasogea kwa mama yake, akafunua kanga, akatoa kuku mweupe aliyefungwa miguu.

"Shika fungu lako," akamwambia. "Nisije nikadaiwa."

Mama alimpokea yule kuku, akamkumbatia. Alipanda akiwa bado anafuta macho, na kuku anafurukuta kifuani. Gari likaanza kuondoka. Bibi alibaki amesimama, midomo ameibana.

Binti alitoa kichwa nje mpaka mama yake akamshika gauni.

"Bibi mwizi," akapiga kelele. "Huyo ni jogoo wa babu yangu."